Hati kabla ya mpaka: ekari tatu pembezoni mwa msitu wa Pugu

Kisa hiki ni cha mfano. Ekari tatu zinazochambuliwa hapa hazina jina la mtaa wala la mtu, ila hakuna jambo lililomo ambalo mpima ardhi au afisa misitu wa Dar es Salaam atalishangaa. Ziko pembezoni mwa jiji, upande wa Pugu na Chanika, pale nyumba za mwisho zinapokutana na Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Pugu-Kazimzumbwi. Swali ni moja: urasimishaji wa makazi, yaani kupanga, kupima na kutoa hati pale watu walipokwishakaa bila hati, ukifika hapo, msitu unapona au unakwisha haraka zaidi?

Kwenye semina utaambiwa mwenye hati hutunza. Kwa walinzi wa msitu utaambiwa hati ni ruhusa ya kufyeka. Yote mawili yamewahi kuwa kweli mahali fulani. Kinachoamua ni mpangilio wa hatua, yaani kipi kilitangulia kati ya kuhakikiwa kwa mpaka wa msitu uwanjani na tangazo la upimaji, na masharti gani yameandikwa ndani ya hati yenyewe. Katika ekari hizi tatu tangazo ndilo lililotangulia.

Mahali penyewe

Pugu na Kazimzumbwi ni misitu ya pwani, si misitu ya mvua ya milimani kama Amani au Uluguru. Ilitengwa enzi za mkoloni, miaka ya 1940 na 1950, jiji likiwa bado mbali. Leo ni hifadhi moja ya zaidi ya hekta 7,000 chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Komba wa Rondo, mmoja wa wanyama adimu wa jamii ya nyani duniani, bado yumo. Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima hivi, kwa hiyo udongo unaoporomoka huku unaishia Jangwani, bondeni katikati ya jiji.

Jiji nalo lilihesabiwa watu 5,383,728 katika sensa ya 2022. Treni ya reli ya kisasa, SGR, ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, na Pugu ni mojawapo ya stesheni zake. Dalali hahitaji kuelezwa zaidi ya hapo.

Kuna ugumu mmoja wa kiutawala ambao watu wengi huuruka. Msitu unagusa mikoa miwili. Upande wa jiji kuna mitaa, na ardhi yake inaongozwa na Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999. Upande wa Kisarawe kuna vijiji, na huko inatumika Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka huohuo, yenye hati yake ya hakimiliki ya kimila. Msitu wenyewe ni ardhi ya hifadhi, kundi la tatu kabisa, na hakuna kati ya hati hizo mbili inayoweza kutolewa ndani yake. Mwenye shamba mpakani anaweza kuwa na jirani wa kushoto aliye mtaani, wa kulia aliye kijijini, na wa nyuma ambaye ni serikali.

Ekari tatu zilivyopatikana

Muuzaji alikuwa mwenyeji mwenye shamba la mikorosho, miembe na mihogo. Mnunuzi alitoka mjini. Mauziano yaliandikwa kwenye karatasi ya mistari, mbele ya mjumbe na mashahidi wawili kila upande, ikagongwa muhuri wa serikali ya mtaa, na mtaa ukachukua ile asilimia kumi ambayo haimo kwenye sheria yoyote lakini kila mnunuzi anaifahamu. Mipaka iliandikwa hivi: kaskazini jirani fulani, mashariki njia ya miguu, kusini korongo, magharibi pori. Urefu haukutajwa, wala alama yoyote ya kudumu.

Ekari tatu ni mita za mraba 12,141. Ekari mbili za mashariki zilikuwa na mikorosho na mihogo. Ekari moja ya magharibi ilikuwa bado na miti ya asili, na takriban nusu ya ekari hiyo, mita za mraba zipatazo 2,000, iko ndani ya mstari wa hifadhi. Muuzaji huenda hakujua. Kwake shamba la baba yake liliishia pale ambapo jembe lilichoka, na mstari wa serikali ulikuwa jambo la maofisa. Mnunuzi naye hakuuliza TFS, aliuliza mjumbe.

Kwa miaka kadhaa miti ile ilisimama. Haikuwa kwa sababu ya uhifadhi. Mwenyewe alikuwa anakaa mbali, na kufyeka ekari moja kunahitaji vibarua wa kulipwa.

Wiki zile kati ya mkutano na mpima

Halafu mtaa ukaitisha mkutano. Utaratibu ni ule wa kawaida. Wananchi wanaelezwa urasimishaji, wanachagua kamati, wanapitisha kampuni ya kupanga na kupima, na mkataba unasainiwa kati ya kamati, kampuni na halmashauri. Kila mwenye kiwanja anachangia, kwa ukomo uliotangazwa na Wizara ya Ardhi. Baada ya hapo hupita wiki kadhaa, wakati mwingine miezi, kampuni ikisubiri michango ifike kiwango cha kuanzia kazi.

Msitu unakatwa katika kipindi hicho. Anayetaka kupima athari ya urasimishaji kwa misitu kwa kulinganisha picha za kabla na baada ya hati kutolewa ataikosa sehemu kubwa ya hasara, maana hati inapotoka miti imeshaondoka zamani.

Sababu ni kadhaa na zinasukumana. Kwanza, vigezo vya Sheria ya Ardhi vya kutangaza mpango wa urasimishaji vinatazama kama eneo linakaliwa, kama wengi hawana hati, na kama wamekaa hapo muda wa kutosha. Mwenye nyumba anaonekana kwa urahisi. Mwenye miti inabidi ajieleze. Pori lisiloguswa linasomeka kama eneo lisilo na mwenyewe, na mwenye hofu ya kupokonywa hulifanya lisomeke vinginevyo: anafyeka, anapanda mihogo mistari minne, anainua pagale la matofali lisilo na paa. Pagale halijengwi ili mtu alale humo, linajengwa ili kushika eneo.

Pili, kufyeka hakumgharimu chochote. Mchoma mkaa yuko tayari kuifanya kazi hiyo bure kwa sharti la kuondoka na kuni. Tanuri la udongo la kienyeji hutoa kilo 10 hadi 20 tu za mkaa kwa kila kilo 100 za kuni kavu, kwa hiyo anahitaji miti mingi. Ekari moja anaimaliza mapema, na magunia ya lumbesa yanaondoka usiku kwa bodaboda. Mwenye ardhi anarudi wikiendi na kukuta uwanja.

Tatu, kampuni inalipwa kwa idadi ya viwanja. Hapa hatumtuhumu mtu wizi, ni hesabu tu. Kampuni inayoishia mita 60 kabla ya msitu inapoteza michango ya safu nzima ya mwisho. Bila mstari wa hifadhi kwenye mchoro wa awali, mkono wa mchoraji utasogea mbele wenyewe.

Nne ni uvumi. Watu wa mpakani wanafuatilia maamuzi ya serikali kuliko tunavyodhani. Mwaka 2019 mawaziri wa kisekta walipitia vijiji 975 vyenye migogoro na hifadhi, na uamuzi ukawa vijiji 920 vibaki. Kwa wananchi waliozaliwa na kuzika wazee wao kwenye maeneo hayo uamuzi ulikuwa na haki yake, na kuwaondoa wote kungekuwa balaa. Ila kwenye ukingo wa msitu ulio karibu na soko la viwanja, kilichosikika ni kifupi zaidi: jenga kwanza, watakuja kuhalalisha.

Brazili walipopita

Nchi iliyopita njia hii kwa ukubwa ni Brazili. Mwaka 2009 ilianzisha mpango wa Terra Legal kwa Sheria Na. 11.952, ili kuwapa hati waliokalia ardhi ya serikali kuu huko Amazonia, eneo la takriban hekta milioni 67. Masharti yalikuwa mazuri kwenye karatasi. Waliostahili ni wale tu waliokuwepo kabla ya tarehe 1 Desemba 2004. Sheria ya misitu ya nchi hiyo inamtaka mwenye shamba katika msitu wa Amazonia abakize asilimia 80 ya eneo lake likiwa msitu, na hati ingeweza kufutwa kwa asiyetii.

Mambo mawili yaliharibu hesabu. La kwanza ni tarehe. Mwaka 2017 sheria nyingine iliisogeza hadi 22 Julai 2008, na amri ya rais ya mwishoni mwa 2019 ikajaribu kuisogeza tena kabla ya kuisha nguvu mwaka 2020 bila kupitishwa na bunge. Tarehe ya ukomo ikishasogea mara moja, hakuna anayeiamini tena. Anayefyeka leo anaweka dau kwamba mwaka fulani bunge litamfikia. La pili ni usimamizi. Asilimia 80 ni sharti kali, lakini halimgusi mtu asiyekaguliwa.

Watafiti waliofuatilia mashamba yaliyopata hati chini ya Terra Legal, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2020, walikuta hati haikupunguza ukataji kama ilivyotarajiwa. Kwa wenye maeneo madogo ukataji uliongezeka. Ukimfikiria mkulima mdogo hutashangaa. Hati imemwondolea hofu, imempa sura ya mkopeshwaji, na thamani ya ardhi yake inatokana na malisho na mazao, si na miti.

Mambo yamekuwa tofauti pale ambapo msitu wenyewe ndio uliopewa mwenyewe. Peru ilipotoa hati kwa jamii za wenyeji wa Amazonia, utafiti wa 2017 ulionyesha ufyekaji katika maeneo yao ulipungua kwa zaidi ya robo tatu ndani ya kipindi cha miaka miwili ya kutolewa kwa hati. Benin ilirasimisha haki za ardhi vijiji kwa vijiji, huku vijiji vikichaguliwa kwa bahati nasibu, na upotevu wa msitu ukapungua. Huko watu walikuwa wakirasimishiwa ardhi wanayoishi kwayo na watakayoendelea kuishi kwayo. Ekari zetu tatu hazifanani na hizo. Mnunuzi hataishi kwa mikorosho, na hati anaisubiri ili akate viwanja.

Mpima anapofika

Sasa turudi kwenye udongo. Siku ya utambuzi, kijana wa kampuni anatembea na mjumbe wa kamati na majirani, mkononi ana kompyuta kibao yenye picha ya anga. Mazungumzo huwa mafupi.

"Mzee, mpaka wako huku nyuma unaishia wapi?"

"Pale penye ule mwembe, mwanangu. Mbele ya hapo serikali."

"Jirani, unakubali?"

"Nakubali, ila mwembe si huo, ni ule wa pili."

Kati ya mwembe wa kwanza na wa pili kuna mita 35. Kwa upana wa mita 60 hizo ni mita za mraba 2,100, yaani ile nusu ekari. Fomu inajazwa, majirani wanasaini, na mwembe wa pili unaingia kwenye kumbukumbu. Hakuna aliyedanganya kwa maana ya kesi. Aliyekosekana kwenye matembezi ni jirani wa magharibi, yaani afisa wa TFS, ambaye hakuandikiwa barua kwa sababu orodha ya majirani hutoka mtaani na yeye si mkazi wa mtaa.

Kosa la pili ni la kitaalamu na lina madhara makubwa kuliko mwembe. Ramani za zamani za nchi, zile za 1:50,000, zimejengwa juu ya mfumo wa rejea (msingi unaotumika kuhesabu namba za mahali) wa Arc 1960. GPS ya mkononi na simu hutoa namba za WGS84. Kwa eneo letu tofauti kati ya mifumo hii ni takriban mita 300 kwa kaskazini-kusini na karibu mita 90 kwa mashariki-magharibi. Ukichukua namba ya GPS bila kuigeuza, ukaichora kwenye ramani ya zamani, nukta itaonekana mita 300 kusini mwa mahali ilipo kweli. Maana yake, kwenye ukingo wa kusini wa hifadhi mvamizi aliye ndani ataonekana yuko nje, na kwenye ukingo wa kaskazini mkulima halali ataonekana mvamizi. Migogoro ya "TFS wamehamisha mpaka" na "wananchi wamehamisha bikoni" (alama za saruji za mpaka) mingine chanzo chake ni hiki tu: pande mbili zinasoma namba zilezile kwenye mifumo tofauti, na kila upande una ramani ya kuonyesha. Dawa ni kuandika mfumo wa rejea kwenye kila orodha ya namba, kuzigeuza zote ziingie kwenye mfumo mmoja (mfumo mpya wa taifa ni TAREF11), kisha kwenda uwanjani na kukagua angalau bikoni tatu za zamani zilizosimama. Bikoni iliyopo ardhini ina uzito kuliko namba iliyopo kwenye kompyuta, mradi haikung'olewa na kupandwa upya. Saruji mpya kwenye bikoni ya miaka ya 1950 inajieleza.

Kosa la tatu ni picha. Halmashauri nyingi sasa hutumia picha za setilaiti kujua nani alifyeka lini, na ni jambo jema. Sentinel-2 ni bure, inapita kila baada ya siku 5, na pikseli yake ni mita 10. Landsat ni mita 30 lakini kumbukumbu zake zinarudi nyuma hadi miaka ya 1980. Shida ni mikorosho. Kwa mita 30, shamba la mikorosho iliyokomaa na msitu wa pwani vinafanana kijani, na mwenye shamba akikata mikorosho mizee ili apande mipya, ramani ya dunia ya upotevu wa misitu itaandika kuwa msitu umekatwa. Huwezi kumshtaki mtu kwa picha hiyo. Chagua picha za Juni hadi Septemba, baada ya masika, mawingu yakiwa machache na majani ya msituni yakianza kupungua wakati mkorosho bado una yake. Hapo tofauti inaanza kuonekana. Halafu nenda ukaangalie visiki.

Baada ya hati

Mchoro wa mipangomiji ukishaidhinishwa, bikoni zikapandwa, ramani ya upimaji ikapitishwa na ada kulipwa, hati inatoka. Hapa kuna kifungu ambacho wanamazingira hawakisomi. Hati ya kiwanja cha makazi huja na masharti ya uendelezaji, na la kawaida ni kujenga na kumaliza ndani ya miezi 36. Mwenye hati anayeacha miti yake isimame anavunja sharti. Anadaiwa kodi ya pango la ardhi kila mwaka kwa eneo lisilomwingizia kitu, na kisheria anaweza kunyang'anywa kwa kutoendeleza. Brazili iliandika kwenye sheria kwamba bakiza asilimia 80, ikashindwa kusimamia. Sisi tumeandika jenga, na hilo linasimamiwa na soko lenyewe.

Hesabu ya viwanja haina siri. Ekari moja ina mita za mraba 4,047. Kwa viwanja vya 20 kwa 20 ungepata kumi, lakini barabara na njia za maji huchukua robo au zaidi, kwa hiyo hubaki saba. Ekari mbili na nusu zilizo halali zinatoa viwanja 17 au 18. Ukiingiza na nusu ekari ya hifadhi unaongeza vitatu. Viwanja vitatu hivyo ndivyo vinavyouzwa kwanza na kwa bei ya chini, maana dalali anajua, na mnunuzi wa bei hiyo kwa kawaida ndiye mwenye uwezo mdogo kuliko wote na ndiye atakayekutwa na bomoabomoa.

Na muuzaji wa mwanzo yuko wapi? Fedha za ekari tatu alizigawa: nyumba, ada za shule, pikipiki ya kijana. Kilimo hakukiacha. Alikwenda mbele kutafuta shamba lingine, Kisarawe ya ndani au Mkuranga, ambako ekari bado ni rahisi na pori bado liko. Takwimu za mtaa zitasema ukingo wetu umetulia, kwa sababu hakuna tena cha kukata. Ukataji umehama kilomita 40. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kuhusu misitu inayoizunguka Dar es Salaam ulikuta mawimbi ya namna hii: kati ya 1991 na 2005 ukingo wa uchomaji mkaa ulisogea kutoka takriban kilomita 20 hadi 50 kutoka jijini, na ukataji wa mbao za thamani ulikwenda mbali na haraka zaidi. Urasimishaji hauanzishi wimbi hilo, unampa mtu nauli ya kulifuata. Tathmini inayopima mtaa mmoja peke yake itautangaza mradi umefanikiwa.

Mpangilio ungekuwa hivi

Kazi ya kwanza ingefanyika kabla hata ya mkutano wa mtaa, na kimyakimya. Halmashauri inashusha picha ya kiangazi kilichopita, inaihifadhi kwa tarehe, na hiyo ndiyo inayokuwa msingi wa madai. Kilichofyekwa baada ya picha hakihesabiwi kuwa ushahidi wa umiliki, na jambo hilo linasemwa mkutanoni dakika ya kwanza, si linagunduliwa kwenye rufaa. Mtu akijua kufyeka hakumpi kitu, mchoma mkaa hapewi ekari. Sharti lake ni kwamba tarehe isisogezwe hata kwa diwani.

Pili, TFS na mpima wa halmashauri wanatembea mstari pamoja na kamati ya mtaa, wanafufua bikoni zilizopotea, na wanakubaliana kwa saini. Kilomita tano za mpaka wenye migogoro hazitembewi kwa siku moja, kwa sababu kila bikoni iliyokosekana inaleta kikao. Mstari ukishakubalika unapandwa miti inayoonekana, mitiki au mijohoro, safu mbili. Mvamizi akisogeza uzio, mti wa mstari unabaki ndani ya uwanja wake na kila mpita njia anauona. Mstari huo ndio unaoingia wa kwanza kwenye mchoro, kabla ya barabara na viwanja.

Tatu, barabara ya mpaka. Hili wapangamiji hubishana, na sisi tuna upande. Viwanja vya mwisho visipakane na msitu kwa migongo. Pakitangulia barabara ya mita 10 au 12 kati ya nyumba na msitu, nyumba zinautazama msitu kwa mbele. Nyumba yenye msitu mgongoni huusogelea kidogokidogo: shimo la taka, banda la kuku, choo, kisha uzio. Wanaopinga wanasema barabara humrahisishia mchoma mkaa, na wana hoja. Ila mchoma mkaa tayari ana njia zake, na barabara yenye taa na majirani si mahali anapopapenda. Gharama yake ni ardhi ya watu, kwa hiyo inakatwa sawia kwa viwanja vyote kwenye mchoro badala ya kumbebesha mwenye safu ya mwisho peke yake, au inafidiwa kwa uthamini. Asipofidiwa, bikoni za barabara hazitamaliza mwaka.

Korongo la kusini lina sheria yake tayari. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Kwenye ekari tatu hizi mita 60 zingemeza sehemu kubwa ya upande wa kusini, na hapo ndipo kampuni huandika "mtaro" badala ya mto. Maji ya korongo hilo yanaingia Msimbazi, kwa hiyo ni mto.

Kuhusu miezi 36, pana njia ambayo haihitaji bunge. Ukanda wenye miti upangwe kwenye mchoro kwa matumizi mengine: eneo la wazi, au kilimo cha mjini kwa wenye mikorosho. Matumizi yakiwa hayo, sharti la kujenga halimfuati mwenyewe. Wachache watakubali kwa hiari, kwa sababu bei ya kilimo si bei ya makazi. Upande wa Kisarawe ni rahisi zaidi, kwani kijiji kinaweza kutenga msitu wake wa hifadhi ndani ya mpango wa matumizi ya ardhi, na mapato ya msitu huo yakawa ya kijiji. Upande wa jiji mtaa si mmiliki wa ardhi, kwa hiyo hauna cha kutenga.

Ile nusu ekari

Mnunuzi wa ekari tatu ana mita za mraba 2,000 ambazo hakuna hati itakayozifikia. Atasikia kwa watu kwamba akikaa miaka 12 zinakuwa zake. Kanuni hiyo huzungumziwa kati ya mtu na mtu. Ndani ya hifadhi ya msitu kukaa muda mrefu hakumzalii haki, na kila mwaka anaolima humo ni kosa jingine chini ya Sheria ya Misitu ya 2002.

Akiamini mpaka wa TFS umekosewa, njia ni kuomba kwa maandishi uhakiki wa pamoja, akiambatanisha ramani ya upimaji na namba za bikoni zenye kutaja mfumo wa rejea. Ikishindikana ni kesi dhidi ya serikali, yenye notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu akiunganishwa, na inasikilizwa Mahakama Kuu. Kwa nusu ekari, gharama ya wakili inaizidi ardhi.

Akikubali kwamba yuko ndani, dai lake ni kwa muuzaji: kurudishiwa sehemu ya fedha inayolingana na eneo lisilouzika, moja ya sita ya bei. Dai la mkataba lina ukomo wa miaka 6, na karatasi ya mauziano iliyoandikwa "magharibi pori", bila vipimo, itampa wakili wa upande wa pili asubuhi nzuri. Kwa hiyo kabla ya kufungua lolote, amtafute mjumbe na mashahidi wale wanne wangali hai, waandike kiapo kwamba siku ya mauziano walionyeshwa mpaka kwenye mwembe upi.